Si kila alumini ni sufuria



Kuna neno linalozunguka siku hizi katika magazeti ya ufundi, na limeanza kufika hata kwetu, pahali tunapongojea basi ya kazi. Watu wanasema: «Wataalamu wamepata njia mpya. Pahali pa kobalti, nikeli, platini na rodi, wataweka alumini. Alumini ni ya bei ndogo, ni safi, haina sumu. Hata sufuria ya mama ni alumini.» Wengine wakisikia hivyo wanaogopa kwamba kazi yetu itakwisha. Wengine wanafurahi na kusema: afadhali, hatari itapungua.

Mimi naona wote wawili wameharakisha. Ukurasa huu si wa bei za metali. Ni ukurasa wa maisha ya watu. Kwa hiyo nataka tuangalie neno hilo polepole, tujue lina ukweli gani, na mfanyakazi afanye nini siku mtu atakapomletea pipa jipya na kumwambia: «Usiogope, ni alumini tu.»

Kichocheo ni kitu gani?

Katika viwanda vya kemia, vitu vingi havitaki kuungana upesi. Unavitia pamoja, unavipasha moto, vinakaa tu. Hapo wataalamu wanaongeza kitu kidogo kinachoitwa kichocheo. Kichocheo kinasaidia kazi iende mbio, halafu chenyewe kinatoka kama kilivyoingia, tayari kuanza tena. Ni kama mshenga wa ndoa: anakutanisha jamaa mbili, mapatano yanafanyika, naye anarudi kwake bila kuoa.

Mwaka 1869 Mrusi Dmitri Mendeleev alipanga elementi zilizojulikana wakati ule katika ubao mmoja. Katikati ya ubao huo, kama unavyochapwa leo, wanakaa ndugu zetu tunaowajua: chuma, kobalti, nikeli, shaba, na wale wa bei kubwa, yaani rodi, paladi na platini. Hao wanaitwa metali za mpito. Hao ndio washenga wakubwa wa kemia, kwa sababu wanajua kutoa na kupokea. Wanashika vitu viwili, wanaviunganisha, kisha wanaviachilia na kurudi katika hali yao ya kwanza.

Alumini inakaa upande mwingine wa ubao, namba 13, katika makundi yanayoitwa makundi makuu. Tabia yake ni nyingine. Inatoa elektroni zake 3, na ikisha kutoa, kwa kawaida haitaki kurudishiwa. Inashika kwa nguvu, lakini ni vigumu kwake kuachilia. Ndiyo sababu kwa miaka mingi watu walisema kwamba alumini haiwezi kufanya kazi ya kobalti au ya platini.

Kwa nini wanaitafuta?

Sababu ya kwanza ni bei. Alumini ni metali iliyo nyingi kuliko metali zote katika ganda la dunia, karibu sehemu 8 kwa 100 ya uzito wake. Rodi ni haba kabisa. Mwaka 1921 ungeweza kuhesabu viwanda vilivyoihitaji. Miaka mia moja baadaye, katika 2021, wakia moja tu ya rodi, yaani gramu 31, ilipita dola 20,000. Kwa pesa hizo mtu angenunua zaidi ya tani 6 za alumini.

Sababu ya pili ni afya, na hiyo inatuhusu sana. Kituo cha Kimataifa cha Utafiti juu ya Kansa, kilicho Lyon katika Ufaransa, kilisema mwaka 1990 kwamba misombo ya nikeli inaleta kansa kwa binadamu. Mwaka 2022 kituo hicho kiliweka metali ya kobalti, pamoja na chumvi zake zinazoyeyuka katika maji, katika kundi la vitu vinavyoelekea sana kuleta kansa. Tena vumbi la kobalti linaweza kuleta pumu, na kwa watu wengine ngozi inawasha na kupasuka. Viwanda vya dawa navyo vinalazimika kupima kama mabaki ya nikeli, kobalti au paladi yamebaki katika vidonge. Kama kazi ile ile ingeweza kufanywa na alumini, shida nyingi zingepungua.

Basi wanaotafuta njia hiyo si wapumbavu, wala si adui zetu. Mtu anayetafuta namna ya kupunguza sumu katika kazi anastahili heshima.

Mambo ambayo alumini imekwisha kufanya

Tusidhani kwamba habari hii imeanza jana. Mwaka 1877, huko Paris, Mfaransa Charles Friedel na Mmarekani James Crafts waligundua kwamba kloridi ya alumini inaweza kuunganisha vitu vya jamaa ya benzini. Njia yao inatumika mpaka leo. Katika miaka ya 1925 na 1926 wataalamu Meerwein, Verley na Ponndorf walionyesha kwamba msombo mwingine wa alumini unaweza kugeuza vitu vya jamaa ya asetoni kuwa alkoholi, bila nikeli na bila gazi ya hidrojeni. Tangu miaka ya 1960 viwanda vya kusafisha petroli vinatumia zeoliti, mawe madogo yaliyotengenezwa kwa alumini, silisi na oksijeni, ili kupasua mafuta mazito na kupata esansi.

Lakini hadithi inayonipendeza kuliko zote ni ya Mjerumani Karl Ziegler, mjini Mülheim. Alikuwa na msombo mmoja unaoitwa trietilialumini. Aliona kwamba alumini hiyo peke yake inaweza kushika gazi ya etileni na kujenga mnyororo, pete juu ya pete. Mnyororo ulikuwa mfupi, lakini kazi ilikwenda. Siku moja mnyororo haukukua hata kidogo. Walitafuta sababu, wakaikuta: ndani ya chombo cha chuma kulibaki nikeli kidogo sana, kama uchafu tu, nayo ilikata mnyororo. Ziegler akawaza: kama metali moja ya mpito inakata, labda nyingine itarefusha. Wakajaribu moja baada ya nyingine. Mwaka 1953, alumini pamoja na titani ilitoa plastiki ngumu bila kuhitaji shinikizo kubwa. Mwaka 1963 Ziegler alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwitaliano Giulio Natta. Bidoni na beseni nyingi tunazotekea maji nyumbani ni watoto wa kazi hiyo.

Angalieni vizuri: katika hadithi hiyo alumini haikumfukuza ndugu wa katikati ya ubao. Walifanya kazi pamoja.

Katika miaka hii ya karibu wataalamu wamesogea mbele. Wamejifunza kutengeneza alumini ambayo haijatoa elektroni zake zote, nayo inaweza kupasua vifungo vigumu ambavyo zamani vilipasuliwa na metali za mpito tu. Mwaka 2018, huko Oxford katika Uingereza, walitangaza alumini ya namna mpya inayotoa elektroni kwa vitu vingine, pahali pa kuzingojea kama ilivyo desturi yake. Mwaka ule ule, katika Ujerumani, walionyesha kwamba msombo wa litiamu, alumini na hidrojeni, ambao zamani uliliwa wote katika kazi, unaweza kuwa kichocheo cha kweli kwa kazi fulani. Ni habari kubwa. Lakini ni habari ya laboratwari. Inafanyika katika chupa ndogo, ndani ya sanduku lililojaa argoni au nitrojeni, ambamo mtu anaingiza mikono tu kwa ganti ndefu. Hewa ikiingia kidogo, kitu kinaharibika.

Je, kobalti yetu itakosa soko?

Kwa sababu ya alumini hii, sioni hivyo. Kobalti nyingi ya dunia inachimbwa katika nchi yetu, na sehemu kubwa yake inakwenda katika batri. Kobalti ya vichocheo ni sehemu ndogo. Tena hata huko, mara nyingi alumini ni mwenzake. Ili kuondoa sulfuri katika mazutu, viwanda vinatumia kobalti na molibdeni zilizowekwa juu ya mawe madogo ya alumina, yaani oksidi ya alumini. Alumina ni kitanda, kobalti na molibdeni ndizo zinazofanya kazi. Mtu anayehofia soko la kobalti aangalie kwanza batri zinazotengenezwa bila kobalti, si alumini ya laboratwari.

Basi tuache hofu hiyo, turudi kwenye jambo la ukurasa huu.

Ngozi ya sufuria

Kwa nini sufuria ya alumini inakaa jikoni miaka mingi bila kuwaka moto? Si kwa sababu alumini ni metali pole. Ni kinyume chake. Alumini inapenda oksijeni kwa nguvu kubwa mno. Mara tu inapokutana na hewa, inajivika ngozi nyembamba ya oksidi, nyembamba hata jicho haliioni. Ngozi hiyo inafunga mlango. Ndani kuna njaa, nje kuna mlango uliofungwa.

Wamama wanaopika sabuni nyumbani wanaweza kushuhudia. Soda kostiki inakula ngozi ile. Ukiitia katika sufuria ya alumini, maji yanaanza kutoa povu, sufuria inapata moto bila jiko, na gazi inayopanda ni hidrojeni, ambayo cheche moja inaweza kuiwasha. Sufuria inatoboka. Kwa hiyo, mama, usipike sabuni kamwe katika sufuria ya alumini. Tumia chombo cha chuma au cha plastiki ngumu, na watoto wakae mbali.

Sasa fikirini jambo hili. Mtaalamu anayetaka alumini ifanye kazi ya kichocheo hawezi kutumia alumini iliyofunga mlango. Anataka njaa ile. Anatafuta alumini isiyo na ngozi, iliyo tayari kushika kitu chochote kinachopita. Na hapo ndipo hatari inapokaa. Nguvu inayoifanya alumini hiyo ifae kazi ndiyo nguvu ile ile inayochoma. Huwezi kununua moja ukaiacha nyingine dukani.

Trietilialumini ya Ziegler inawaka yenyewe ikigusa hewa, bila kiberiti. Ikigusa maji inalipuka. Ikimwangukia mtu, inachoma nyama mpaka ndani. Msifikiri natia chumvi: ile roketi iliyopeleka watu mwezini mwaka 1969 ilitumia trietilialumini, pamoja na msombo wa namna hiyo wa boroni, ili kuwasha injini zake kubwa za chini. Kloridi ya alumini, ile ya Friedel na Crafts, ikipata unyevu wa hewa inatoa moshi wa asidi unaounguza macho na koo. Ukiimwagia maji inachemka kwa ukali.

Hata alumini ya kawaida, ikisagwa kuwa unga laini na kutawanyika hewani, ni baruti. Tarehe 2 Agosti 2014, mjini Kunshan katika China, kiwanda kilichosugua magurudumu ya motokari kilikuwa na vumbi la alumini pahali pote. Lililipuka asubuhi, watu wakiwa kazini. Waliokufa siku ile na baadaye kwa kuungua walizidi 140. Walikuwa wanasugua metali ile ile ya sufuria.

Unga waliovutishwa wachimbaji

Wengine watasema: «Sisi ni watu wa mgodi, vichocheo vinatuhusu nini?» Nitawajibu kwa hadithi ya wachimbaji kama sisi.

Katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, kulikuwa na migodi ya dhahabu na baadaye ya urani. Vumbi la mawe liliua watu kwa ugonjwa wa silikosi. Kupiga vita vumbi kwa maji na kwa hewa safi kunagharimu pesa. Basi likatokea wazo lililoonekana la bei ndogo: kuwavutisha wachimbaji unga wa alumini. Walisema alumini itafunika punje za mawe ndani ya mapafu na kuzinyima ukali. Unga huo uliitwa McIntyre, kwa jina la mgodi uliouanzisha.

Kuanzia mwaka 1943 mpaka 1979, maelfu ya wachimbaji, kabla ya kushuka shimoni, walikaa katika chumba cha kubadilishia nguo, milango imefungwa, na unga mweusi wa alumini ukapulizwa kwa hewa ya shinikizo mpaka chumba kikajaa ukungu. Waliambiwa wavute pumzi kwa nguvu. Waliambiwa ni kwa faida yao. Hawakuulizwa kama wanakubali. Na kwa nini mtu angeogopa? Ilikuwa alumini tu.

Miaka ikapita. Binti wa mchimbaji mmoja, akiona baba yake ameshikwa na ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono na kukaza mwili, alianza kuuliza. Alitafuta wachimbaji wengine na wajane wao, akaandika majina na magonjwa yao. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo lile walionyesha kwamba wachimbaji waliovutishwa unga huo walipata Parkinson zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2022 serikali ya Ontario iliandika katika sheria kwamba Parkinson ya watu hao ni ugonjwa wa kazi. Mwaka 2024 iliomba msamaha katika bunge. Kutoka siku ya kwanza ya unga ule mpaka msamaha ni miaka 81. Wengi waliopaswa kuusikia walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo sababu ninaandika. Watu wale hawakuuawa na metali yenye jina baya. Walipewa metali yenye jina zuri, katika umbo baya, kwa njia mbaya, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusema hapana.

Jina halimlindi mtu

Na kinyume chake ni kweli pia. Kobalti, ambayo leo jina lake linatisha, imo ndani ya vitamini B12, na bila vitamini hiyo damu ya mtu inapungua. Lakini katika mwaka 1965 na 1966, mjini Québec katika Kanada, walitia chumvi ya kobalti katika bia ili povu likae vizuri. Wanywaji wakubwa karibu 50 walipata ugonjwa wa moyo, na wapatao 20 walikufa. Kobalti ni ile ile. Kiasi, umbo na njia ya kuingia mwilini ndivyo vilivyogeuza chakula kuwa sumu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, «Kipi ni salama, kobalti au alumini?», nitamjibu kwamba swali hilo halina jibu. Ni sawa na kuuliza kama maji ni mema au mabaya bila kusema kama yamo ndani ya kikombe au yameingia shimoni usiku.

Maoni yangu ni haya. Kubadilisha metali si usalama. Ni mwanzo wa kupima hatari nyingine. Kiwanda kinachoondoa nikeli na kuleta msombo wa alumini, bila kubadilisha mafundisho, bila mchanga mkavu na bila nguo za kufaa, hakikuondoa hatari. Kimeihamisha kutoka mapafuni ya mwaka wa 20 kwenda mikononi ya siku ya kwanza. Pengine ni biashara nzuri, kwa sababu moto unaonekana na mtu anaweza kujilinda, lakini vumbi linaua kimya. Nakubali hivyo. Lakini wenye mikono hiyo waambiwe kabla.

Na sisi tusijidanganye kwamba sayansi ya Ulaya itatuondolea vumbi la kobalti kesho. Vumbi letu litaondolewa na maji, vipumuaji vizuri vya kuvuta hewa, maske inayobana uso sawasawa, na shefu asiyekubali kazi ianze kabla ya hayo.

Maswali manne mbele ya pipa jipya

Kitu kipya chochote kikifika kazini, kiwe na jina la alumini au jina lingine, kila ekipi iulize mambo manne, na shefu ajibu kwa karatasi ya usalama ya bidhaa hiyo, si kwa maneno ya kubahatisha:

1. Kiko katika umbo gani: kipande, unga, maji au mvuke?
2. Kikikutana na hewa kinafanya nini, na kikikutana na maji kinafanya nini?
3. Kinaingia mwilini kwa njia gani, pumzi, ngozi au kinywa, na nani amepima hewa ya pahali petu?
4. Kikiwaka tutakizima kwa nini, na hicho cha kuzimia kiko wapi sasa hivi?

Swali la nne si la mchezo. Moto wa unga wa alumini na wa misombo ile ya Ziegler hauzimwi kwa maji wala kwa povu. Mtu mwenye moyo mwema anayekimbia na ndoo anaweza kuua ekipi nzima. Unafunikwa kwa mchanga mkavu au kwa unga maalumu wa kuzimia metali. Mchanga uliolala nje mvua ikinyesha si mchanga mkavu.

Naongeza swali la tano kwa ajili ya wale wa Ontario. Kama mtu anakuambia uvute, unywe au ujipake kitu «ili kikulinde», uliza: nani ataniangalia baada ya miaka 20, na jina langu limeandikwa katika daftari gani? Kama daftari haliko, ulinzi nao hauko.

Kwa wakubwa wa kazi nasema kwa heshima: mfanyakazi anayeuliza hivyo si mkaidi. Anawaokoa na miaka 81 ya aibu.

Maneno kwa nyumba

Mama, mapipa na bidoni vilivyotoka kiwandani visitekewe maji, hata vikiwa vimeoshwa mara kumi, hata kama vinaonekana vizuri kuliko vya sokoni. Kitu kilichobaki chini kinaweza kuwa sumu, na kingine kinaweza kulipuka mara maji yanapoingia. Baba asivilete, na akivileta, mama akatae.

Nguo za kazi zifuliwe peke yake, si pamoja na za mtoto. Zisikung'utwe ndani ya nyumba.

Na sufuria yenyewe? Ile ya kiwanda, yenye ngozi yake nzima, haina neno kwa chakula cha kila siku. Lakini zile zinazoyeyushwa mtaani kutokana na vipande vya injini na takataka za metali zinaweza kuwa na risasi ndani. Watafiti waliopima sufuria za namna hiyo katika Kameruni waliikuta, na risasi inaharibu akili ya mtoto. Hata pale jikoni, basi, jina la alumini peke yake halitoshi. Uliza imetoka wapi.

Wataalamu waendelee na kazi yao. Siku alumini itakapofanya vizuri kazi ya metali zenye sumu, tutashangilia nao. Lakini pipa lile litafunguliwa na mtu mmoja wa zamu, asubuhi, akiwa na usingizi kidogo, na nyumbani ameacha watoto. Mtu huyo ana haki ya kujua kilichomo kabla hajashika kifuniko.

Uliza kwanza, fungua baadaye.